Kanoni Aliyepiga Magoti

Lorenz Hartig alirudi Marbrunn asubuhi ile na kipande cha shaba mfukoni. Alikuwa amemfukuzia mchuuzi wa vikorokoro hadi kijiji cha pili, kwa sababu watu waliapa kwamba jamaa anauza dhahabu iliyovunjwavunjwa. Kumbe ilikuwa shaba ya kinara kikuukuu. Mchuuzi alicheka mpaka machozi yakamtoka, akampa Lorenz kipande kimoja bure, cha ukumbusho.

Lorenz hakuwa na hali ya kucheka. Yeye ndiye mchunguzi wa baraza la makanoni, mabwana wanaoliendesha kanisa kuu na kuimba zaburi humo, na muda ulikuwa umemwishia. Kalisi ya dhahabu, kikombe cha misa cha sikukuu, ilikuwa imetoweka kwenye kabati la sakristia, chumba cha kutunzia vyombo vya misa. Kabati halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia kiunoni kwa Padri Kilian Dorsch. Lorenz mwenyewe alimtia padri huyo mnarani, na siku ile alikwenda nyumbani akala akashiba, akiona kazi imekwisha. Sasa kesho, baada ya misa kubwa, Kilian angevuliwa mavazi yake mbele ya watu na kukabidhiwa kwa mahakama ya mji. Kwa mwizi wa kalisi iliyowekwa wakfu, mahakama ya mji ilikuwa na adhabu moja tu, nayo ilikuwa moto, siku hiyo hiyo.

Kilichomkosesha Lorenz raha ni jinsi Kilian alivyojitetea. Mwizi huwa na maelezo tele. Kilian alisema kwamba aliosha kalisi baada ya misa ya asubuhi, akasikia kengele ya kuimba zaburi, akakumbuka kwamba kiti cha bwana wake kwenye kwaya kiko wazi, akakimbia.

"Kama nilifunga kabati, Bwana Hartig, sikumbuki," alisema. "Ningekumbuka ningekwambia."

Bwana wake huyo alikuwa Kanoni Ruprecht von Sellnau. Pale Marbrunn kiti cha kanoni hakikai kitupu. Bwana asipofika kuimba, padri wake mdogo humwimbia, na Ruprecht alikuwa na farasi wazuri mno hata asipate nafasi ya kufika kuimba. Hata hivyo, Ruprecht huyo huyo, ambaye hakuwahi kusimama barazani hata kuomba dirisha lifunguliwe, alikuwa amesimama mara mbili kumwombea Kilian, na kila alipoulizwa sababu aliketi. Lorenz alilitazama jambo hilo upya, akaona alipaswa kuanzia hapo tangu mwanzo badala ya kukimbizana na wachuuzi.

Akamkuta kanoni chumbani mwake, amevaa ile kepu ya manyoya ya makanoni mabegani ingawa jiko lilikuwa linawaka. Pembeni palikuwa na masanduku yaliyofungwa nusu. Marbrunn nzima ilijua habari ya masanduku hayo. Kaka yake mkubwa, mwenye ngome ya Sellnau, alikuwa amefariki kiangazi bila mtoto. Ruprecht angeacha ukanoni wakati wa Krismasi, aende akaoe, ukoo usizimike. Mchumba alikwisha kutafutwa.

Lorenz aliinama, akasema moja kwa moja kwamba amekuja kwa ajili ya Kilian.

"Hana hatia," alisema Ruprecht.

"Umejuaje, Mtukufu?"

"Najua."

"Kila mtu mji huu anajua kitu. Mimi nauliza umejuaje."

Ruprecht alimpapasa mbwa aliyelala miguuni pake. Hakuinua macho. "Nililisikia kama linavyosikiwa kitandani kwa mtu anayekufa. Unanielewa. Usiniulize zaidi."

Lorenz alimwelewa. Siri ya kitubio haina mlango wa nyuma. Hata askofu hawezi kuigusa. Akainama tena, akaaga, akashuka ngazi taratibu huku akijiambia kwamba kesho mtu atachomwa na aliyejua ukweli atakuwa anatazama dirishani, bila kosa lolote.

Lakini alipofika chini alisimama. Kanoni von Sellnau hakuwa na parokia. Hakuna aliyewahi kumwona kwenye kiti cha maungamo. Mtu mwenye dhambi yake Marbrunn angewapita mapadri wote mpaka amfikie yeye? Basi ni mtu aliyekuwa anakufa ghafla, ambaye hakuwa na nafasi ya kuchagua. Tena ni mtu aliyeweza kuingia sakristia.

Akaenda kwa Jobst, mtunza sakristia. Alimkuta uani amechutama mbele ya chungu, anachoma kitambaa cha altare kilichochakaa, huku mdomoni ana mkate na kitunguu. Lorenz alimuuliza nani aliyekuwa akiingia sakristia amefariki tangu kalisi ipotee.

"Ni Walburga, mfuaji wetu wa vitambaa," alisema Jobst. "Hukuja hata kumzika. Kalisi ilipopotea tu na yeye akaanguka kitandani. Sisi tulisema ni huzuni, maana alikuwa akivipenda vitu hivi kuliko sisi tunaovishika." Akachota jivu kwa kijiko, akaliweka kwenye bakuli.

Lorenz alimuuliza kwa nini asilimwage tu.

"Wewe nawe! Limwagwe wapi? Jivu la kitambaa kitakatifu halikanyagwi. Linakwenda chini ya bamba la jiwe, pale ukutani. Kila kitu kitakatifu kikichakaa kinalala pale. Hata Walburga alinigombeza siku nilipotaka kulitupa bustanini."

Binti wa Walburga aliitwa Apollonia, naye alikuwa amerithi kazi ya mama yake pamoja na nyumba ya kufulia nyuma ya kanisa. Alikuwa na mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Lorenz alitegemea kilio. Badala yake alikaribishwa kwenye benchi, akapewa bia, akasimuliwa kifo cha mama kwa fahari, kama mtu anavyosimulia harusi.

Siku ile mapadri wote walikuwa wametoka na maandamano kwenda kubariki mashamba ya mizabibu. Mama alikuwa anakata roho. Apollonia alikimbia mpaka uwanja wa makanoni akiwa peku, akamwona Padri von Sellnau anatoka kwenye zizi la farasi, akamshika kepu.

"Nilimshika kweli kweli, na mikono hii hii ya sabuni," alisema. "Nikamwambia, Padri, mama yangu anakufa. Akawa mweupe. Wapishi walikuwa mlangoni, wachunga farasi walikuwa pale, wote wanatutazama. Nikafikiri ataniambia niondoke. Akaja, Bwana Hartig! Bwana wa Sellnau, ndani ya nyumba hii!"

"Alikuja na stola ya padri shingoni?"

"Hapana, nilimwambia haraka. Alikuja kama alivyokuwa." Akafikiri kidogo. "Aliniomba kitabu cha sala. Tunacho kimoja, cha mama. Alikisoma polepole. Halafu hakukaa kwenye kiti, ingawa nilikifuta. Alipiga magoti chini, pale, penye maji. Padri Kilian angekaa. Lakini wakubwa wana unyenyekevu wao."

Lorenz aliweka bia chini. Akamuuliza kama alisikia lolote. Apollonia akaona haya, akasema alitoka nje kama inavyotakiwa, ila mlango wenyewe anaouona pale haufungi vizuri. Hakusikia dhambi. Alisikia mwisho tu. Mama aliuliza, "Utawaambia?" Na padri akajibu, "Nitawaambia."

"Nilidhani ni malaika," alisema Apollonia. "Kwamba atawaambia malaika kwenye sala zake. Mama alifariki anatabasamu. Sijawahi kumwona mtu akafa vizuri vile."

Lorenz alitoka nje, akaegemea ukuta wa kanisa. Padri anayehitaji kitabu ili aseme maneno ya kuondolea dhambi! Hata padri mlevi wa kijijini huyasema usingizini. Akarudi kwa Jobst, na swali alilokuwa nalo lilimwaibisha kabla hajaliuliza, kwa kuwa jibu lake alikuwa amelitazama kwa macho yake kila Alhamisi Kuu, makanoni walipopiga foleni kupokea komunyo, mapadri na stola zao shingoni na wengine bila kitu.

"Jobst, umewahi kumwandalia Kanoni von Sellnau mavazi ya misa?"

Jobst aliacha kijiko. "Misa? Yule?" Akacheka mpaka akakohoa. "Bwana, wewe ni mwanasheria kweli? Yule ana daraja za chini tu, zile ambazo mtu anaweza kuzivua akaenda kuoa. Wangempadrisha, halafu nani awazalie kina Sellnau? Ndiyo maana ana Kilian. Kilian anamwimbia, Kilian anamsomea misa, labda na kusali anamsalia."

Lorenz alipanda tena ngazi za nyumba ya kanoni. Safari hii hakungoja kutangazwa, na hakuinama.

"Mtukufu, naomba kuiona stola yako."

Ruprecht alikuwa amesimama dirishani. Akageuka, akamtazama yeye, kisha akamtazama mbwa, kisha masanduku.

"Yoyote tu," alisema Lorenz. "Padri hakosi stola nyumbani mwake."

Kanoni alivua kepu ya manyoya taratibu, akaiweka juu ya sanduku, na bila kepu hiyo alionekana mwembamba, kijana aliyeanza kuzeeka. Akaketi.

"Aliniita Padri," alisema. "Mbele ya wapishi. Mbele ya watu wanaonipigia farasi brashi. Nimevaa manyoya haya tangu nikiwa na miaka kumi na sita, Hartig, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniomba kitu cha Mungu. Yule msichana ndiye wa kwanza. Ningemwambia nini? Kwamba mimi si kitu?"

"Ungemwambia wewe si padri."

"Ndiyo hilo hilo."

Lorenz aliona anamhurumia, jambo ambalo hakulitaka. Akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye si wa kuhukumu kule kwenda kwake, kuna mahakama ya kanisa kwa hilo, nayo si laini. Yeye hoja yake ni nyingine. Asubuhi ile aliambiwa habari ya siri ya kitubio, akainama akaondoka kwa heshima zote.

"Hapakuwa na padri pale, kwa hiyo hapakuwa na kitubio."

"Hata asiye padri, akisikia jambo kama lile, amefungwa," alisema Ruprecht haraka. "Wapo walimu waliosema hivyo. Nimesoma."

"Umesoma lini? Wiki hii?"

Kanoni alimpapasa tena mbwa.

"Na mwenye dhambi mwenyewe akikufungua?" aliuliza Lorenz. "Mlango wa nyumba ile haufungi vizuri, Mtukufu. Binti alisikia. Mama yake alikuuliza, utawaambia? Ukasema, nitawaambia. Yeye anadhani mlikuwa mnazungumza habari za malaika."

Damu ilimwisha Ruprecht usoni. Aliweka mikono yote miwili magotini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Aibu ilijaa chumba kile, hata Lorenz akaiona inamgusa na yeye.

"Aliniomba mara tatu," alisema Ruprecht hatimaye. "Alisema, nikishafumba macho tu, Padri, nenda ukawaambie, wamtoe Padri Kilian. Nikaapa. Nikashuka pale nikiwa nakwenda barazani, Mungu shahidi, nilikuwa nakwenda. Njiani nikafikiri, wataniuliza umejuaje. Basi nikasimama kumwombea tu. Nikafikiri wataniheshimu, watamwachia."

"Kesho wanamchoma."

"Nilisali umpate yule mchuuzi na dhahabu kweli." Akafunika uso. "Umesikia nilichosema? Nilisali mtu mwingine awe mwizi."

Lorenz alikishika kile kipande cha shaba mfukoni. Njia nzima ya kwenda kijijini yeye pia alikuwa ameomba hivyo hivyo, kwa kuwa Kilian akiwa hana hatia basi aliyemtia mnarani ni mpumbavu. Hakukitoa kipande. Akauliza tu, kwa sauti iliyokwisha ukali, kalisi iko wapi.

Hapakuwa na mwizi, alisimulia Ruprecht. Walburga aliingia sakristia kuchukua vitambaa vya kufua. Kilian alikuwa amekimbilia kengele, na kabati liko wazi, na kalisi imesimama juu ya kitambaa chake. Mama huyo alivuta kitambaa kama alivyovuta vyote maisha yake yote. Kalisi ikaanguka kwenye mawe, mdomo wake ukapinda. Akaiokota kwa mikono mitupu, yeye, mwanamke, mfuaji, kitu ambacho hata Jobst hukishika kwa kitambaa. Alipoona alichokifanya akachanganyikiwa. Hakuthubutu kuirudisha, na hakuthubutu kuipeleka mahali pa najisi.

Ruprecht alipofika hapo Lorenz alikwisha kusimama. "Chini ya bamba la jiwe," alisema. "Penye jivu."

Kanoni akatikisa kichwa kukubali.

Walilifunua bamba mchana kweupe, mbele ya Jobst na makanoni waliokuwa wametoka mezani na midomo yao bado ina mafuta ya bata. Kalisi ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa safi, kilichopigwa pasi, na jivu limewekwa juu yake kwa uangalifu kama blanketi. Mzee mkuu wa makanoni alianza kusifu akili ya mchunguzi. Lorenz alimkatiza, akasema von Sellnau ana neno. Na Ruprecht, bila kepu, alisimama pale uani akasema yote, tangu zizi la farasi hadi mnara, bila kujipunguzia. Hakuna aliyemtazama usoni. Wengi wa mabwana wale walikuwa na daraja za chini kama zake. Mmoja alianza kusafisha kiatu chake kwenye nyasi. Mzee mkuu alisema kwa sauti kavu kwamba mahakama ya kanisa itamwita, na kwamba watu wa mchumba wake watalazimika kujulishwa. Ruprecht alijibu kwamba ni haki yao.

Lorenz alimfungua Kilian pingu za miguu kwa mkono wake. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi tangu chini ya mnara, na alipomwona ameinama kusugua vifundo vyake vilivyovimba, maneno yakamkauka. Akamweleza tu mambo yalivyokuwa. Kilian alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe sikufunga," alisema, uso ukamshuka. "Mama wa watu amekufa kwa sababu sikufunga kabati."

Akaomba apelekwe kwa binti wa Walburga, na Jobst akawafuata. Walipofika nyumba ya kufulia walimkuta Ruprecht ametangulia. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika kofia, na ilikuwa wazi kwamba amekwisha kusema, kwa sababu Apollonia alikuwa amekaa kwenye benchi lile lile na ile fahari yote imemtoka. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Kwa hiyo ni nani aliyemsamehe mama yangu?" aliuliza.

Kilian alianza kusema kwamba Mungu huutazama moyo, kwamba mtu akijuta kweli na padri hayupo, Kanisa linafundisha kuwa dhambi zake huondolewa. Apollonia alimwacha aseme, kisha akamgeukia Ruprecht. Hakumwita Padri tena.

"Wewe bwana. Mama alisema yote?"

"Yote."

"Na uliyasikia yote?"

"Nimeyakumbuka kila neno. Silali."

"Basi mwambie Padri Kilian. Kila neno, kama alivyosema mwenyewe, usimpunguzie na usimwongezee. Na upige magoti pale pale."

Kilian alisema kwa upole kwamba hajui sheria yoyote inayomruhusu aliye hai kuungama kwa ajili ya aliyekufa. Apollonia akamjibu kwamba hakumuuliza habari za sheria. Miaka yote Padri Kilian amekaa kwenye kiti cha bwana huyu akamwimbia, na Mungu akapokea kama vile bwana ameimba. Sasa bwana akae mahali pa mama yake mara moja. Au hilo Mungu halipokei?

Kilian alimtazama yule msichana kwa muda mrefu. Akamtazama na Ruprecht, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema miguu yake haiwezi kusimama, aletewe kiti, na Jobst amletee stola.

Jobst alikwenda mbio kuliko umri wake. Kilian aliibusu stola, akaivaa shingoni juu ya shati la mnarani lililonuka, akaketi kwenye kile kiti kilichowahi kufutwa bure. Apollonia alitoka nje. Safari hii alikwenda mbali, mpaka penye kamba za nguo, akawapa mgongo.

Lorenz alikuwa wa mwisho kutoka. Aliushika mlango, akaubana kwa bega mpaka ukafunga sawasawa, lakini kabla haujafunga alimwona bwana wa Sellnau akipiga magoti kwenye maji, na akaisikia sauti yake.

"Nibariki, Padri, nimekosa. Mimi ni Walburga, mfuaji."